Mbele ya Tipoyi

Mwezi huu sitaanza na andiko. Nitaanza na deni langu mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa mvua, siku ya pili ya mfungo. Mfungo ule niliutangaza mimi mwenyewe, siku tatu, na nilisema kila mmoja aingie, wakubwa kwa wadogo. Mama mzee mmoja wa kanisa letu, mjane, aliyekuwa anakaa na mjukuu wake mdogo, naye aliingia. Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mtoto wake wa kiume alikuwa machimboni, na kila mwezi alikuwa anatuma pesa ya vidonge. Kijana mwaminifu, sikumwona hata mwezi mmoja ameruka. Basi asubuhi ile mama alimeza kidonge chake kama kawaida, lakini hakula, sababu pasta alisema tufunge.

Saa za mchana mjukuu alikuja mbio. Tukamkuta koko ameketi chini karibu na mlango, jasho linamtoka sawa mtu aliyetoka kulima, na huko kwetu mlimani ilikuwa baridi. Mikono inatetemeka. Maneno yake yalikuwa yanachanganyika, lakini kitu kimoja alisema wazi, tena mara mbili: “Munipatie chai.” Mama mmoja alitaka kuchemsha. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimesikia mahali fulani kwamba mgonjwa anayepelekwa kwa munganga asipewe kitu. Nikapaza sauti: “Tipoyi iko wapi? Tumupeleke mbio!” Vijana wanne wakabeba, tukashuka, tukapanda, matope mpaka magotini. Tulitembea karibu saa tatu. Njiani aliacha kusema. Tulipofika, muuguzi alimchoma kidole, akaangalia kimashini chake, akasema sukari imeshuka sana. Akatia serumu ya sukari kwenye mshipa. Mama hakuamka tena vizuri; siku ya pili yake alilala katika Bwana.

Muuguzi yule, mtu mpole, aliniuliza tukiwa wawili tu: “Pasta, wakati mulimunyanyua pale kwake, alikuwa anaweza kumeza?” Nikasema ndiyo. “Hakuomba kitu?” Nikasema aliomba chai. Hakuniongezea neno.

Usiku ule kijana alipiga simu kutoka machimboni. “Pasta, mama alikufwa na nini?” Nikamjibu: “Mwanangu, ni uzee.” Ndilo deni ninalolisema.

Tangu siku ile nimeuliza sana, kwa wauguzi, kwa waganga wa hopitali, kwa mtu yeyote aliyekubali kunielimisha. Na nimegundua kwamba sisi watu wa Walungu tunajua vizuri sana kubeba mgonjwa. Hatujui kumsaidia pale alipolala. Tukiona mzee ameanguka, akili yetu inaruka moja kwa moja kwenye tipoyi. Hata mahubiri yetu ni vile: mara ngapi nimehubiri juu ya wale watu wanne wa Kapernaumu waliotoboa dari wamshushe mwenye kupooza? Vijana wanaipenda habari ile sababu ni habari ya nguvu. Lakini kuna habari nyingine ambayo nilikuwa naisoma haraka mno. Yule Msamaria, alipomkuta mtu barabarani, alifanya nini kwanza? Punda alikuwa naye. Hakumrusha juu ya punda. Alimsogelea, akamwangalia majeraha, akatia mafuta na divai, akafunga. Hapo chini, kwenye vumbi. Punda alikuja nyuma, na pesa ya kulipa nyumba ya wageni ilikuja nyuma zaidi. Mpango ni ule. Mimi niliugeuza.

Angalia hali yetu. Teritwari ya Walungu iko na hopitali zake: Walungu, Mubumbano, Kaniola, Nyangezi, na Kaziba, ambako wamisionari Wapentekoste wa Norvege walifika katika miaka ya 1920. Bukavu kuna Panzi, ambayo munganga Mukwege na kanisa la CEPAC walianzisha mwaka 1999. Tunashukuru Mungu. Lakini mzee wetu hakai Panzi. Anakaa kwenye kilima, mwisho wa njia ya mbuzi. Nyumba za kulelea wazee kama zile za Ulaya hatuna huku mlimani. Nyumba ya wazee kwetu ni nyumba ya kila mtu, na siku hizi mara nyingi ni nyumba yenye koko mmoja na wajukuu wawili, sababu wenye nguvu wako Mukungwe, Nzibira, Kamituga au Misisi wanatafuta maisha. Na tangu vita ilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025, wazee wengi ndio wanaobaki nyuma wakati wengine wanakimbia.

Kwa hiyo swali letu la kwanza lisiwe “nani atambeba?” Liwe “nani ataleta muuguzi hapa?” Hesabu mwenyewe. Tipoyi inakwenda saa tatu na mgonjwa anatikisika. Motari, pale pikipiki inaweza kupita, inaleta muuguzi wa kituo kwa muda mfupi, pamoja na mfuko wake: kimashini cha tansio, kile cha sukari, kipimo cha malaria cha tone moja la damu, serumu, dawa ya maumivu, dawa ya kuua vijidudu. Mambo mengi ya ghafla ya wazee yanaanza kutibiwa na mfuko ule, kando ya kitanda. Na kama ni lazima aende hopitali, muuguzi ndiye atasema aende vipi, amelala au ameketi, na atapiga simu mbele ili wamngojee. Kama pikipiki haifiki, mtu mwenye miguu myepesi apande na kumfuata. Kila eneo la afya liko na wale watu wa kujitolea tunaowaita reko; mjue reko wako kwa jina na nyumba yake. Ni aibu kumjua mwamuzi wa mpira wa Mugogo na kutomjua reko.

Kituo kingine kitasema hakina mtu wa kutoka. Ni kweli, nimeona mahali muuguzi ni mmoja na mama anazaa. Hapo omba akueleze kwa simu cha kufanya, na umwambie unachokiona, si unachokiwaza. Usiseme “amerogwa” wala “ni moyo.” Sema: anasema au hasemi, anameza au hamezi, anapumua mara ngapi, ilianza saa ngapi, anakunywa dawa gani.

Sasa nikuambie niliyofundishwa, na nitakaa zaidi juu ya sukari sababu ndiyo iliyoniuma.

Kuna kidonge kinachoitwa glibenclamide, ambacho wengi wetu tunakinunua kwenye farmasi bila hata karatasi. Kidonge kile kinashusha sukari, umekula au hukula. Hakijui kama leo ni mfungo. Tena kwa mzee, hasa mwenye figo dhaifu, kinakaa mwilini muda mrefu. Basi mzee wa sukari akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kusema ovyo, kukasirika bila sababu au kulegea sawa mlevi, na bado yuko macho, na anameza, mpe sukari mara moja: vijiko vitatu au vinne vidogo ndani ya maji kidogo, au chai tamu, au asali. Ngoja dakika kumi na tano. Kama bado, rudia. Akipata nafuu, ale chakula kamili, viazi au bugali, halafu aonwe na muuguzi siku ileile, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena usiku. Usimwache alale peke yake. Na kama hayuko macho, au anakohoa akijaribu kumeza, usimimine kitu kinywani, kinaingia mapafuni. Mlaze ubavu na mwite muuguzi mwenye sindano.

Na ninyi wachungaji wenzangu mnaosoma, nasema wazi: mzee wa sukari asifunge bila kuuliza munganga. Mwanamke mwenye mimba vilevile. Kuna njia nyingine za kuomba. Mimi sasa nikitangaza mfungo nasema jambo hili kutoka mimbarani, hata kama wengine wananiona nimepoa kiroho.

Kuna kuanguka kwingine: mdomo umepinda upande mmoja, mkono mmoja hauinuki, maneno yanakatika. Hiyo ni mishipa ya kichwa. Hapa usimpe kitu chochote kinywani, hata dawa ya tansio ya jirani. Dawa ya jirani imeua watu. Mlaze ubavu, kichwa kiinuke kidogo, angalia saa na uiandike. Mbona nasema muuguzi aje na kimashini cha sukari hata hapa? Kwa sababu sukari iliyoshuka inaweza kuiga ugonjwa huu kabisa, mpaka kupindisha mdomo, na tone moja la damu linatofautisha. Akisema ni mishipa, basi ndiyo safari ya hopitali, bila kupoteza siku.

Kuanguka kwa kuteleza nako tunakujua: uwanja umelowa, koko anatoka usiku kwenda choo. Ukimkuta chini, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwingine na vidole vimegeukia nje, ujue mfupa wa nyonga umevunjika. Tafadhali, tafadhali, usimsimamishe “ajaribu kukanyaga.” Usimwite mkandaji avute. Mfunike, na umtandikie blanketi chini pia, kwa sababu baridi ya udongo wa Ngweshe inamaliza mzee haraka kuliko mfupa. Weka kitambaa kilichokunjwa katikati ya miguu, kisha funga mguu mbovu pamoja na mzima kwa vikwembe viwili au vitatu, bila kukaza. Gusa vidole vya mguu: viwe na joto. Hapo ndipo tipoyi inaruhusiwa, tena ile ya kulala, si ya kiti.

Kuhara, wengi mnajua, maana kolera haijatuacha. Lakini mzee hasikii kiu kama kijana, anaweza kukauka akisema “niko sawa.” Kama huna paketi ya SRO, chukua litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogokidogo, hata kama anatapika.

Na kifua. Mzee anaweza kuwa na ugonjwa wa mapafu bila homa hata kidogo. Unachoona ni kwamba jana alikuwa anakujua na leo anakuita jina la marehemu kaka yake. Watu wanasema ni akili ya uzee. Akili ya uzee inakuja polepole kwa miaka. Iliyokuja tangu jana ni ugonjwa. Mketishe na mito mgongoni, hesabu pumzi zake dakika nzima; zikifika 25 au zaidi, mwite muuguzi upesi. Na usimwingizie mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa ukisema unamtafutia joto. Moshi ule usioonekana wa makala unaua kimya, na unaua anayelala naye pia.

Hapa nitasema jambo ambalo litawaudhi wengine. Mwaka 2021, katika Kabare, Kalehe na hapa kwetu Walungu, wanawake walishitakiwa uchawi, wengi wao wazee, kwa maneno ya wale wanaojiita wajakazi, na wengine waliuawa. Wajakazi wale walisema wanasema kwa Roho. Nimejiuliza: wangapi kati ya wale mama walikuwa ni watu ambao akili zimechanganyika kwa sukari, kwa homa, kwa kutokula? Koko anayesema peke yake usiku, mpime kwanza. Mkristo anayetafuta nabii mbele ya kutafuta kimashini cha sukari amekosa njia, na mimi niliyemkatalia mtu chai siwezi kumhukumu kwa ukali, lakini siwezi kunyamaza.

Msidhani kwamba huko kwenye nyumba kubwa za wazee wameshinda yote. Ubelgiji, nchi tunayoisifu kila siku, wazee wengi wanakaa katika nyumba maalumu, wana vitanda vizuri na kengele ya kuita. Corona ilipoingia mwaka 2020, zaidi ya nusu ya waliokufa huko katika miezi ile ya kwanza walikuwa wakaaji wa nyumba hizo. Ilibidi Médecins Sans Frontières, walewale tuliozoea kuwaona kwenye vijiji vyetu wakati wa kolera na vita, waingie katika nyumba za wazee za Ubelgiji kuwafundisha wafanyakazi. Walikuta mahali ambapo hewa ya oksijeni haikutosha, na wazee waliougua ambao hopitali hazikuwapokea. Tatizo lilikuwa ni lilelile la kilima chetu: mgonjwa yuko hapa, uganga uko kule, na katikati hakuna mtu aliyejitayarisha. Nilipoelezwa habari ile sikufurahi, lakini niliacha kuona haya kwa ajili ya umaskini wetu. Yanayotakiwa kando ya kitanda cha mzee katika dakika za kwanza si mengi.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha. Tangu 1993 kuna kazi inayoitwa Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na munganga Anne Merriman, inayowafuata wagonjwa wa maumivu makali nyumbani kwao. Huko waliona waganga ni wachache, hivyo mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliofundishwa hasa kwa kazi hiyo waandike morfini ya kunywa. Kwa nini nalitaja? Sababu maumivu ya mzee usiku nayo ni jambo la haraka, na sisi tumezoea kumwambia avumilie.

Serikali pia iko na neno lake. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inasema wazee wana haki ya kulindwa kwa namna maalumu. Nimeisoma kwa sauti mbele ya kikundi cha baba. Mmoja aliuliza: “Pasta, kifungu hicho kinapatikana kituo gani?” Tukacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Basi kwetu tulianza na tulichonacho. Vijana waliandika majina ya wazee wote wanaokaa peke yao au na watoto tu. Kila nyumba ina karatasi nyuma ya mlango: jina la ugonjwa, jina la dawa na saa ya kuimeza, simu ya mtoto wake, simu ya reko, simu ya motari wawili (wawili, sababu mmoja atakuwa amelala au hana mafuta). Kuna kopo la sukari lililofungwa vizuri, nusu kilo, ambalo haliruhusiwi kuingia katika chai ya wageni. Wajukuu wamefundishwa, mtoto wa miaka minane anaweza kushika kazi hiyo kuliko shemasi. Mama wa kanisa wanatoa franka kidogo kila Jumapili kwa mafuta ya motari anayeleta muuguzi. Tipoyi imewekwa ndani ya kanisa, imekauka, kamba zake mpya. Sijaifukuza tipoyi, imejifunza tu kungoja zamu yake.

Na wewe kijana wa machimbo. Najua unatuma pesa, na Mungu anaona. Lakini piga simu uulize pia: mama alikula nini leo? Kidonge gani kimebaki? Nani analala naye? Ukipata nafasi ya kushuka, badala ya redio ya pili, nunua kimashini cha sukari au cha tansio kwa ajili ya kilima chote, na ulete vipande vyake vya kupimia, maana bila vile kimashini ni pambo la meza. Na uwekewe karatasi ileile wewe pia. Baba zenu wengine wako huko kwenye mashimo, wana nywele nyeupe, wanasaga mawe, na hakuna anayejua wanakunywa dawa gani.

Kijana yule nilimpigia simu, miezi minne baadaye. Nilimwambia yote: mfungo, chai, saa tatu za njia. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama mtoto anaendelea na masomo. Nikasema ndiyo, yuko darasa la nne, anakaa kwetu. Akasema atatuma pesa ya daftari, na ya kopo la sukari.

Mwezi ujao, Bwana akipenda, nitajibu barua za vijana juu ya mahari.